Mashini ya zamani inaweza kuruka toka Kavumu: toa mzigo kwanza

Ilikuwa saa nne ya usiku kule kwetu Kadutu. Umeme ulikuwa umetoka kurudi. Mtoto wangu, miaka 16, akakimbilia mashini yake, akafungua ule mchezo wa kurusha ndege, akaweka ndege ndogo mwanzoni mwa barabara ya kiwanja cha Kavumu. Mimi nilikuwa nakula bugali, nikimtazama kwa pembeni. Ndege ikaanza kukimbia, ikasimama, ikarukia mbele mita kumi, ikasimama tena, kama mtu anayefunua picha za albamu moja moja. Kufika juu ya ziwa, ekra ikaganda. Ilipofunguka, ndege ilikuwa tayari ndani ya maji.

— Papa, hii mashini imekwisha. Tuiuzishe, tununue ingine.

— Ingine ni bei gani?

— Ile ya nguvu? Dola mia sita.

Sikujibu. Mwezi uliofuata zamu yangu ya likelemba ilikuwa inafika, na ile feza ilikuwa tayari na jina lake: minervali ya dada yake. Ninyi wenye watoto mnajua. Mtoto anaomba kitu kizuri, hana kosa, na wewe ukikitoa unamnyima mwingine.

Ndugu zangu wa mashimo, ninaandika hapa kama mtu wa sendika, si kama fundi wa kompyuta. Nilisoma sekondari, nikaingia ndani ya shimo, nikatoka na kazi ya kuwatetea wenzangu. Lakini shimo linafundisha. Motopompe ikishindwa kuvuta maji, mchimbaji mwenye akili hakimbilii dukani. Kwanza anatazama bomba: kuna matope? Kuna jani limeziba? Urefu wa bomba umepita nguvu ya mota? Mara nyingi mota ni nzima, ila mzigo umezidi. Usiku ule nikamwambia mtoto: kabla ya kuuzisha, tutoe matope kwanza. Tulifanya kazi hiyo Jumamosi tatu, na leo ninawaletea tulichopata, kwa sababu najua nyumba nyingi za wachimbaji zina mashini ya okazyon na mtoto anayeota kurusha ndege.

Mzigo wa kwanza ni programu yenyewe

Kuna simulateri nyingi za ndege. Ile ya Microsoft iliyotoka mwaka 2020 ni nzuri sana kwa macho, lakini tazama inachoomba: nafasi ya giga 150 ndani ya diski, RAM ya giga 8 kwa uchache kabisa, na intaneti ya kuleta picha za dunia wakati unaruka. Kwa nyumba ya Kadutu au Bagira yenye kununua mega kidogo kidogo, hapo ni kujidanganya.

Sisi tunatumia FlightGear. Ni ya bure. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wanaitengeneza tangu miaka ya 1990, na sheria yake inakuruhusu kuinakili na kumpa mwenzako bila kulipa hata franga moja. Inafanya kazi ndani ya Windows na ndani ya Linux. Tena ndani yake Kavumu ipo, kwa jina lake la kimataifa FZMA. Goma ipo, FZNA. Ng'ambo ya Ruzizi, Kamembe ya Rwanda nayo ipo. Ziwa Kivu lipo, Idjwi ipo, milima ipo na urefu wake.

Mashini yetu ni ya zamani: RAM giga 4, diski ya kuzunguka, na haina karti grafiki ya pembeni, ile ya ndani tu ya Intel. Mashini za namna hii ndizo zimejaa mjini. Kwa hiyo tulichofanya sisi, wengi wenu mnaweza kukifanya.

Pima kabla ya kugusa

Kwenye sendika tunasema: usiende kudai kilo bila kuwa na mizani yako. Hapa pia. Mashini inachora picha nyingi kwa kila sekunde, na macho yanaona kama ndege inatembea. Sinema inaonyesha picha 24 kwa sekunde. Kwenye simulateri, ukiwa kati ya 20 na 30, unaruka vizuri. Chini ya 12, mkono unasukuma na ndege inajibu ukiwa umeshachelewa, basi unaanguka si kwa ujinga bali kwa kuchelewa.

FlightGear inaweza kukuonyesha hiyo namba. Fungua menu iliyoandikwa View, ingia Display Options, weka alama kwenye frame rate. Namba inatokea chini ya ekra. Usiku ule yetu ilikuwa 6. Tukaiandika kwenye daftari. Tangu hapo tulibadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, tukasoma namba, tukaandika. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Joto na vumbi

Jumamosi ya kwanza hatukugusa programu kabisa. Tulifungua mashini chini, tukiwa tumeizima na kutoa betri. Ndugu zangu, vumbi la Bukavu lilikuwa limefunga feni kama kifuniko! Tukasafisha kwa brashi laini, pole pole. Fundi mmoja wa Nyawera akabadilisha ile pate ya kupoza prosesa, iliyokuwa imekauka kama udongo wa kiangazi.

Kwa nini joto linahusika? Prosesa ikipata moto kupita kiasi, inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Haisemi kitu, haitoi alama. Wewe unaona tu mchezo unakuwa mzito kisha dakika kumi. Kama kwako mchezo unaanza vizuri halafu unalegea, tafuta joto kwanza. Na usiweke mashini juu ya kitanda au blanketi: pumzi yake inatokea chini. Weka juu ya meza, tia vipande viwili vya mbao chini yake, hewa ipite.

Jambo lingine: mashini ikiwa kwenye betri, inajibana ili isimalize moto. Ruka ukiwa umeunganisha sharjeri, na ndani ya reglaje za umeme uchague hali ya nguvu zote. Kwa sababu umeme wetu unapanda na kushuka, stabilizateri ni lazima. Inagharimu kidogo kuliko mashini iliyoungua. Betri nayo usiitupe hata kama imechoka: umeme ukikatika ghafla, hata dakika kumi zake zinatosha kufunga mashini vizuri.

Halafu funga vyote visivyoruka. Kurasa za intaneti, muziki, zile programu ndogo zinazoamka zenyewe mashini ikiwaka. Kila moja inakula RAM. Mtoto wangu alikuwa na kumi na moja ambazo hata hakuzijua.

Baada ya kazi hiyo yote, namba ikatoka 6 ikafika 10. Bila kulipa kitu, isipokuwa dola tatu za fundi.

Punguza mapambo

Jumamosi ya pili tuliingia ndani ya programu. Menu View, halafu Rendering Options. Hapa ndipo mzigo mkubwa unakaa. Tulizima kwa mpangilio huu:

Mawingu ya kusimama, yale yanayoandikwa 3D clouds. Ni mazuri, lakini ni mazito. Yakizimwa, bado mawingu yanaonekana, ila yamelala.

Miti na nyumba ambazo programu inazitupa ovyo ovyo juu ya ardhi. Upande wetu wa Kahuzi, pori ni kubwa, mashini inachora miti elfu na elfu. Tukaitoa yote. Milima ilibaki, na kwa rubani mlima ndio wa maana.

Ile taa ya hewa na jua inayoitwa Atmospheric Light Scattering, pamoja na ubora wa vivuli na maji. Tukazima, tukashusha mpaka chini kabisa.

Umbali wa kuona. Hakuna haja ya kuona Uvira ukiwa juu ya Kavumu. Ukipunguza umbali, mashini inachora ardhi ndogo zaidi.

Mwisho, ukubwa wa dirisha. Badala ya kujaza ekra yote, tukaruka ndani ya dirisha dogo kidogo. Kila nukta ya ekra inachorwa upya kwa kila picha. Dirisha likiwa nusu, kazi nayo inakuwa karibu nusu.

Na ndege yenyewe. Watoto wanapenda Airbus. Ndege kubwa ya abiria ina ekra nyingi ndani ya chumba cha rubani, na kila ekra ni kazi ya ziada. Tukachagua Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne, ile ambayo shule nyingi za marubani duniani zinafundishia.

Namba ikafika 19. Mtoto akaniangalia, akacheka: «Papa, inatembea!» Sikuwa nimetoa hata dola moja ya likelemba.

Tulinunua nini mwishoni

Sitawadanganya kwamba hatukununua kabisa. Jumamosi ya tatu tulinunua vitu viwili vya okazyon: bareti moja ya RAM ya giga 4, na diski ya SSD ndogo. Vyote viwili, dola 45.

Bareti ya pili inasaidia mara mbili. Kwanza, RAM inakuwa giga 8. Pili, karti grafiki ya ndani haina RAM yake mwenyewe, inaazima ile ya mashini. Bareti mbili zikifanya kazi pamoja, njia ya kupitisha picha inakuwa pana kuliko bareti moja. Lakini uliza fundi kwanza kama mashini yako ina nafasi ya pili, na aina gani ya bareti inaingia. Usinunue sokoni kwa macho.

SSD haiongezi sana namba ya picha. Kazi yake ni nyingine: programu inafunguka upesi, na ule mgando wa kila mara unapoingia eneo jipya unapungua sana. Ule mgando ndio uliomtia mtoto wangu ndani ya ziwa.

Leo namba yetu ni kati ya 24 na 28. Jumla tumetoa dola 48 badala ya 600. Minervali ya dada yake imelipwa.

Mambo ya mega

FlightGear inashusha ardhi kutoka intaneti wakati unaruka. Kwa mega za kununua, hiyo ni hasara, tena inaleta mgando. Sisi tulifanya hivi: usiku mmoja, pale intaneti ilipokuwa nafuu, mtoto aliacha programu ishushe eneo letu lote, Bukavu mpaka Goma. Kisha tukazima kule kushusha. Ile ardhi inakaa ndani ya folda ya kawaida. Mtoto mmoja wa avenyu akiishusha, wengine wananakili kwa flash. Pale kwetu sasa mashini nne zina ardhi ileile, na aliyelipa mega ni mmoja tu. Hiyo nayo ni sendika.

Kuifanya iwe rahisi kushika

Mashini kuwa nyepesi haitoshi kama mtoto hajui vidole viweke wapi. Wengi wanaacha hapo. Hatuna ile fimbo ya rubani, na si lazima. Bonyeza alama ya Tab, na suri ya mkononi inageuka kuwa usukani. Bonyeza tena mpaka irudi hali ya kawaida. Ukurasa wa juu unaongeza moto wa injini, ukurasa wa chini unapunguza, yaani zile alama za Page Up na Page Down. Mabano ya mraba yanafungua na kufunga mabawa madogo ya nyuma. P inasimamisha kila kitu, hata ukiwa angani, upate kufikiri. Tuliandika hayo kwa mkono mkubwa kwenye karatasi, tukabandika ukutani juu ya meza.

Ukishindwa kuwasha injini ya Cessna, kuna menu yenye jina la ndege, ndani yake utaona Autostart. Anza na hiyo. Baadaye ujifunze kuwasha hatua kwa hatua.

Na msiruke mmoja mmoja. Waruke wawili: mmoja ni rubani, mwingine anasoma karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari. Ndege kubwa zinafanya vile vile, na sisi shimoni tunafanya vile kabla ya mtu kushuka.

Safari nzuri ya kuanzia ni Kavumu mpaka Goma kupitia juu ya Idjwi. Ni chini ya kilomita 100, karibu nusu saa. Inatosha kabla ya umeme kukatika. Ila Goma usipitilize kwenda kaskazini ukiwa chini: Nyiragongo ina mita 3470.

Pale tulipoacha kucheza

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Siku moja mtoto alilalamika tena: «Papa, inashindwa kupanda.» Namba ilikuwa 26, kwa hiyo mashini haikuwa na kosa. Tukafungua menu Equipment, tukaingia Fuel and Payload, pale panapoonyesha mafuta na mzigo. Alikuwa amejaza mafuta yote, amepakia watu wanne wanene na mizigo nyuma. Cessna 172 ya namna ile haipaswi kupita kilo 1089 kwa jumla, yenyewe na vyote vilivyomo. Alikuwa amepita mbali.

Na Kavumu si Mombasa. Kavumu iko kwenye mita 1720 hivi juu ya bahari. Kule juu hewa ni nyembamba, injini ndogo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake, na mabawa nayo yanashika hewa kidogo. Jua likiwa kali, inazidi. Tukafanya jaribio: barabara ileile, ndege ileile. Mara ya kwanza rubani peke yake, ikaruka mapema na kupanda kwa furaha. Mara ya pili mzigo uliozidi, mchana wa joto: ilikula barabara, ikaja kunyanyuka kwa shida, halafu ikakaa pale pale chini, pua juu, haipandi. Mlima ukaja mbele yetu.

Nilinyamaza. Nilikumbuka safari zangu za Shabunda, kule ambako bila ndege ndogo ni shida kufika. Nimekaa juu ya magunia ya kasiterite zaidi ya mara moja, magoti mdomoni, na sikuwahi kuona mtu akipima kitu. Sikuuliza. Wote hatukuuliza. Ninyi pia mmepanda hivyo.

Wakubwa wanakumbuka Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996: Antonov 32 iliyobebeshwa kupita kiasi ilishindwa kuruka pale N'Dolo, ikaingia ndani ya soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao mama na watoto waliokuwa sokoni tu.

Safari yangu iliyofuata, nilisimama mbele ya ndege nikauliza: kilo ngapi zimeingia? Msimamizi wa mizigo akacheka. Nikasema sipandi mpaka nione hesabu. Wachimbaji wawili wakasimama nami. Rubani akashuka, akatazama ndani, akasema watoe magunia sita. Manegosia walipiga kelele, tukachelewa saa mbili. Tukaruka.

Wazazi, nisieleweke vibaya. Masaa ya mchezo wa nyumbani hayahesabiwi kwa leseni ya rubani, na masomo yale ni ghali. Simwahidi mtoto wangu kitu ambacho sina. Lakini amejifunza kupima kabla ya kulaumu, kutoa mzigo kabla ya kununua nguvu, na kusoma karatasi hata kama anajua. Mtu wa namna hiyo, akiishia rubani au akiishia shimoni, atafaa.

Jioni niliporudi toka Shabunda, kabla hata ya salamu, aliniuliza mlangoni:

— Papa, walipima?

Kwenye ofisi ya sendika, kila Jumamosi kisha saa nane, mtoto mwenye mashini anaweza kuja na flash tupu. Programu na ardhi ya Kivu tutampa. Ni bure. Karatasi ya ukutani ataandika mwenyewe, kwa mkono wake, ndivyo itakavyomwingia kichwani.